Dondoo muhimu: Umeme wa mpangaji

Kabla ya kulipia chumba, uliza mita ni ya nani. Mita moja ya LUKU ikihudumia vyumba vitano, anayewasha taa tu humlipia mwenye friji. Tena matumizi ya nyumba nzima yakijumlishwa, ni rahisi kuvuka uniti 75 kwa mwezi na kupoteza bei nafuu ya wateja wadogo. Mwombe mwenye nyumba afunge mita ndogo kwa kila chumba. Akikataa, changeni kulingana na vifaa vya kila mmoja. Kugawana sawa kwa sawa ni dhuluma.

Nunua vitu utakavyohama navyo. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku hula uniti 9 kwa mwezi; ya LED ya wati 9 haifiki uniti moja na nusu. Ukihama, ifungue uondoke nayo.

Piga pasi nguo za wiki kwa mkupuo mmoja. Kama unapikia umeme, maharage yaloweke tangu usiku ili yaive upesi. Friji isogeze mbali na ukuta na jiko, kisha bana karatasi mlangoni: ikichomoka kirahisi, mpira umechoka.

Soketi inayopata moto au kunuka usiiguse. Mwambie mwenye nyumba siku hiyohiyo. Na kodi ya jengo inayokatwa unaponunua LUKU ni deni lake, si lako. Tunza risiti, umdai.