Mapendo Yataka Utaratibu

Hakuna mtaa wala kijiji katika nchi yetu kisichojua mambo haya. Mtu ameugua, habari imeenea. Siku ya kwanza ua wake hujaa watu: huyu ameleta uji, huyu ndizi, huyu sukari, mwingine kuku mzima. Siku ya pili ni vivyo hivyo. Wiki ikipita wageni hupungua, na wiki ya tatu mlango hufunguliwa na mtoto peke yake, aliyeacha kwenda shule ili amwangalie mama yake. Majirani hawakugeuka kuwa watu wabaya. Kila mmoja alidhani mwenzake amekwenda, na kwa kudhaniana hivyo hakwenda hata mmoja.

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mgonjwa jembe haliwezi, na maradhi hayahesabu siku. Basi, wasomaji wetu wapendwa, leo twataka kujifunza jambo moja tu: kwamba huruma peke yake, ijapokuwa ya kweli, haimfikishi maskini mbali. Mapendo yataka utaratibu. Mwalimu wetu katika somo hili ni padre mmoja wa Ufaransa, pamoja na akina mama wa parokia yake ndogo.

JUMAPILI MOJA YA MWAKA 1617

Mtakatifu Vincent de Paul alizaliwa mwaka 1581 katika nyumba ya wakulima. Mwaka 1617 alitumwa kuwa paroko wa Châtillon-les-Dombes, mji mdogo ulio upande wa mashariki wa Ufaransa. Jumapili tarehe 20 Agosti, alipokuwa akivaa mavazi ya Misa, mama mmoja alimjia na habari ya kusikitisha. Katika nyumba moja iliyo peke yake nje ya mji, watu wote walikuwa wagonjwa, hata hapakuwa na mmoja wa kumnywesha mwenzake maji.

Padre Vincent aliwaeleza waumini habari hiyo katika mahubiri, nao wakaguswa mioyo. Mchana ule yeye mwenyewe alishika njia kwenda kuwatazama wagonjwa. Njiani akakuta ajabu: akina mama wengi wakienda, wengine wakirudi, na wengine wameketi kando ya njia kupumzika kwa sababu ya jua kali la kiangazi. Walikuwa wengi kiasi cha kufanana na maandamano ya sikukuu, na chakula walichokipeleka kilikuwa kingi kupita mahitaji.

Paroko mwingine huenda angerudi nyumbani akimshukuru Mungu, kisha akalala usingizi. Padre Vincent alishukuru, lakini pia alifikiri. Aliona ya kuwa mapendo yale yalikuwa makubwa, bali hayakuwa na mpango. Leo wagonjwa wamepata vingi mno, sehemu itaharibika, kesho kutwa watarudi katika njaa ile ile ya jana. Siku tatu baadaye, tarehe 23 Agosti, aliwakusanya akina mama wachache wenye moyo, wakapatana kushika zamu. Tarehe 8 Desemba mwaka ule ule, Sikukuu ya Bikira Maria, chama chao kilisimikwa rasmi, chenye kanuni iliyokwisha kukubaliwa na jimbo la Lyon. Wanachama walijiita watumishi wa maskini.

KANUNI NDOGO YENYE HEKIMA KUBWA

Yafaa kuitazama kanuni ile kwa karibu, maana haikuandikwa kwa maneno makubwa. Imejaa mambo ya jikoni na ya kando ya kitanda.

Kila mama alikuwa na siku yake. Siku hiyo alipika, akakichukua chakula kwa mikono yake mwenyewe mpaka kwa mgonjwa. Kiasi cha chakula kilitajwa: mkate wa kumtosha, supu, nyama kadiri ya gramu 120, na divai kidogo kama ilivyo desturi ya nchi ile. Jumapili alipewa kuku. Asiyeweza kutafuna aliandaliwa mchuzi na mayai mara kadhaa kwa siku. Mgonjwa asiye na shati safi alipewa shati.

Tena kanuni ilimfundisha mama namna ya kuingia. Amsalimu mgonjwa kwa uso wa furaha na upole. Atandike kitambaa, aweke kikombe, kijiko na mkate. Amnawishe mikono, asali naye kabla ya kula, amkatie nyama, amtie moyo kama amevunjika moyo. Afanye yote kama anayemhudumia mwanawe mwenyewe, au zaidi ya hapo, kama anayemhudumia Mungu.

Kisha yaja agizo ambalo sisi twaliona kuwa ndilo taji la kanuni yote. Mtumishi wa maskini aanze na wale wagonjwa walio na mtu nyumbani, akiisha kuwaandalia awaache na ndugu zao. Mwenye kukaa peke yake awe wa mwisho, ili mama apate nafasi ya kuketi naye kwa muda mrefu zaidi. Tazameni hekima hiyo! Kuwekwa mwisho, ambako kwetu huonekana ni kudharauliwa, kumegeuzwa kuwa heshima. Utaratibu huu ulitungwa na mtu aliyejua kwamba mgonjwa mpweke ana njaa mbili, na ya pili haishibi kwa supu.

Na fedha je? Chama kilikuwa na mkubwa wake na mtunza hazina, na hesabu zilitolewa wazi kila mwaka. Hakuna aliyeona ni aibu kuulizwa senti zimekwenda wapi, maana zilikuwa mali ya maskini.

Asidhani mtu kwamba utaratibu wa namna hii ni mambo ya Wazungu tu. Twasoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, jinsi wajane wengine walivyosahauliwa katika ugawaji wa kila siku, na manung'uniko yakaanza. Mitume hawakuwaambia watu waongeze huruma. Waliwaambia wachague watu saba wenye sifa njema, wawekwe juu ya kazi ile. Na katika sura ya 9 twamkuta Tabita wa Yafa. Alipokufa, wajane hawakumsifu kwa maneno matupu. Walisimama wakilia na kuonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Hizo ndizo zilizokuwa hesabu zake.

WALIPOPELEKA WATUMISHI WAO

Chama hicho kilienea upesi, kikafika hata jiji la Paris. Huko kilipata jaribu lake. Wake wa wakubwa waliingia kwa moyo mwema na fedha nyingi, lakini baadhi yao waliona vigumu kubeba chungu cha supu njiani na kupanda ngazi za nyumba za maskini, au waume zao walihofia magonjwa. Wakawa wanawatuma watumishi wao wa nyumbani. Chakula kilifika, lakini moyo ulibaki nyumbani. Aliyetumwa kwa lazima aliweka bakuli, akaondoka.

Mungu alimwinua msichana wa shamba aitwaye Marguerite Naseau, wa Suresnes, karibu na Paris. Alikuwa mchunga ng'ombe, naye alijifunza kusoma kwa kuwauliza wapita njia herufi hii ni ipi na neno hili ni lipi, kisha akawafundisha wasichana wenzake. Alijitoa kufanya kazi zile ambazo wakubwa hawakuziweza. Mwaka 1633 alikufa kwa tauni, baada ya kumlaza kitandani mwake mwanamke aliyekuwa na ugonjwa huo. Kutokana na wasichana wa namna yake, Mtakatifu Vincent na Mtakatifu Louise de Marillac walianzisha shirika la Mabinti wa Mapendo tarehe 29 Novemba mwaka huo huo. Lakini chama cha akina mama wa nyumbani hakikufa. Kingali kipo katika nchi zaidi ya 50, na tangu mwaka 1971 chajulikana kama Shirika la Kimataifa la Mapendo.

NA SISI JE?

Katika Tanzania, wanawake Wakatoliki wana umoja wao, WAWATA, ulioanzishwa mwaka 1972. Mwaka 2022 ulitimiza miaka 50. Twajua jinsi wanachama wake, katika parokia na vigango, wanavyotembelea wagonjwa, wanavyosaidia yatima na kuwalinda wajane. Nchi yetu ina sababu ya kuwashukuru wanawake wa namna hii. Ugonjwa wa UKIMWI ulipotambuliwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1983, katika mkoa wa Kagera, na kisha ukaenea kila upande, hospitali hazikuweza kuwalaza wote. Wagonjwa wengi waliuguzwa nyumbani, na walioogesha, waliolisha na waliofua mashuka walikuwa kwa sehemu kubwa wanawake: mama, bibi, dada na majirani. Wapo walioogopwa hata na ndugu zao, wakatunzwa na mikono ya watu wasio wa ukoo wao.

Kwa sababu kazi hii ni njema, hatuna budi kuilinda isiharibike. Twatoa mashauri manne.

Kwanza, ijulikane nani yu peke yake. Si kila mgonjwa ana mahitaji sawa. Kila jumuiya ndogo iwe na orodha ya wazee wasio na watoto karibu, ya wagonjwa wa muda mrefu, na ya watoto wanaowauguza wazazi wao. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Aliye jirani ndiye ajuaye moshi wa jiko gani haukuonekana leo.

Pili, iwepo zamu iliyoandikwa. Mama mwenye shamba, biashara na watoto hawezi kumtembelea mgonjwa kila siku, wala haombwi afanye hivyo. Aweza kwenda kila Jumanne. Akina mama saba wenye siku saba wamshinda tajiri mmoja mwenye gunia la unga, kwa maana gunia huisha, na zamu hurudi.

Tatu, tutenganishe mambo mawili ambayo mara nyingi twayachanganya. Vyama vingi hukusanya michango ili kusaidiana wenyewe kwa wenyewe katika msiba, harusi na ugonjwa. Ni jambo zuri, wala hatulilaumu. Lakini anayechanga apate kusaidiwa siku yake ajiwekea akiba, na asiye na cha kuchanga hubaki nje ya mlango. Mapendo ya Kikristu huanza pale panapokosekana matumaini ya kurudishiwa. Basi kila chama kitenge fungu dogo kwa ajili ya mtu asiye mwanachama, hata asiye Mkatoliki, na hesabu ya fungu hilo isomwe mbele ya wote. Tena, panaponunuliwa vitenge vya sikukuu, na tuulize kwanza kama fungu hilo limeguswa.

Nne, heshima ya mgonjwa ilindwe. Siku hizi imeingia tabia ya kumpiga picha maskini ameshika mfuko wa unga aliopewa, na picha ikasambazwa kwa simu kabla unga haujapikwa. Twauliza: je, kitambaa kile cheupe cha Châtillon kilitandikwa ili watu watazame? Kilitandikwa ili mgonjwa ajione bado ni mtu. Mkono wa kushoto usipaswa kujua tendo la mkono wa kuume, sembuse mtaa mzima!

Na ninyi akina baba, msidhani somo hili lawapita. Kanuni ya Châtillon ilitaka mwanamke mwenye mume aingie kwa ridhaa ya mumewe. Sisi twaongeza: ridhaa ya mdomo haitoshi. Siku ya zamu ya mkeo, wewe chota maji, tazama watoto, toa baiskeli au nauli. Zamu ya mama na iwe zamu ya nyumba nzima. Nao watoto wafuatane na mama yao, wabebe walau kikombe, wajifunze mapema kuingia katika nyumba ya mgonjwa bila kuogopa na bila kuziba pua.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA JUMUIYA

1. Katika mtaa wetu, ni mgonjwa yupi aliyetembelewa sana mwanzoni, na sasa hatembelewi?

2. Nani kati ya jirani zetu yu peke yake kabisa, na nani amekaa naye kitako juma hili?

3. Je, hesabu za chama chetu zingesomwa mbele ya maskini tunaowasaidia, wangefurahi?

4. Kila nyumba hapa yaweza kushika siku gani?

Swali la nne lisiachwe bila jibu. Liandikwe katika daftari, jina kwa jina na siku kwa siku, kabla watu hawajatawanyika. Wale akina mama wa mwaka 1617 hawakuwa wengi. Walipatana siku zao, wakazishika. Sisi nasi tukizishika zetu, wiki ya tatu ikifika mgonjwa atasikia hodi mlangoni, na yule mtoto atarudi shuleni.