Kanga na Kwale Hulala Wapi?

Katika sehemu nyingi za Tanzania, kipupwe huanza Juni hadi Agosti. Ni majira ya baridi na ukavu. Wakati huo kanga hukaa katika makundi makubwa. Mvua zikija hutengana, dume na jike, ili watage.

Jua likikaribia kuzama, kaa kimya mbali kidogo na miti mikubwa iliyo karibu na maji. Utawasikia kanga wakipiga kelele. Kisha wataruka mmoja mmoja hadi matawini. Huko juu mbweha hawafikii. Kwale wengine nao hulala mitini. Wengine hulala chini, wamejificha katika majani.

Asubuhi, kanga wakiisha kuondoka, tazama chini ya mti. Ukiona mavi mengi na manyoya, ujue hapo ndipo malazi yao. Mara nyingi kundi hurudi mti ule ule.

Hapo ndipo penye hatari. Mtu akiujua mti huo, aweza kulimaliza kundi kwa siku chache. Mwingine huukata kwa kuni. Moto wa kuchoma majani nao huwaunguza kwale waliolala chini.

Ni kweli, kanga hufukua mbegu shambani. Lakini pia hula panzi, mchwa na wadudu wengine. Basi tuitunze miti yao. Tena, kuwinda bila kibali ni kosa.

Maswali
1. Kwa nini kanga hulala juu ya mti?
2. Utajuaje mti wanaolala?
3. Kijijini kwenu kanga wamepungua? Jadilianeni.