Jinsi ya Kuchonga Keki Mfano wa Ngoma

Tangu nilipotoka shuleni kazi yangu ni kuoka keki za arusi hapa Bugendana, katika mkoa wa Gitega. Swali niulizwalo mara nyingi ni hili: keki ya matabaka, iliyosimama wima kama nguzo, yawezaje kugeuzwa iwe na tumbo na mguu, nayo isianguke mbele ya wageni? Nitajibu kwa keki moja tu, ile ya mfano wa ngoma ya Burundi, kwa kuwa ndiyo ngumu kuliko zote nizifanyazo.

Yafaa kwanza tuitazame ngoma yenyewe. Waliofika Gishora, kilometa chache kutoka mjini Gitega, wamekwisha kuiona. Huko ndiko zinakotunzwa ngoma Ruciteme na Murimirwa, tangu zama za Mwami Mwezi Gisabo. Ngoma huchongwa katika gogo la mti uitwao umuvugangoma. Juu ni pana, hushuka kwa upana ule ule, kisha hupungua hata kufika mguu mwembamba. Sehemu zake zina majina ya mama na mtoto: ngozi ni icahi, yaani ngozi ya kubebea mtoto, vigingi vinavyoishika ni amabere, matiti, mwili ni inda, tumbo, na mguu ni umukondo, kitovu. Ndiyo maana naona yafaa sana arusini. Lakini kumbukeni kwamba neno ingoma katika Kirundi ni ngoma, tena ni ufalme, na mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma hii katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mimi sianzi kuoka mpaka wazee wa pande zote mbili wamekubali ngoma ikatwe kwa kisu.

Sasa tazameni hatari. Mchonga ngoma ana gogo moja gumu. Sisi tuna unga na mayai, na mzigo wote uko juu ya mguu mwembamba. Keki laini sana haifai. Mimi hutumia siagi, sukari, unga na mayai kwa uzito ulio sawa. Tena milima yetu imepita meta 1,500. Hewa ni nyepesi, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na keki huumuka upesi kabla haijashikamana, kisha hubonyea katikati. Kwa hiyo napunguza robo ya hamira ya unga. Huoka siku 2 kabla, nikaifunga keki katika karatasi na kuiacha usiku kucha mahali pa baridi. Keki yenye joto haichongeki, hupukutika tu.

Ngoma yangu ina matabaka 5, kila moja kimo cha sentimeta 5. Matabaka 3 ya juu yana kipenyo cha sentimeta 24 na hayachongwi. Kazi yote iko katika yale 2 ya chini, ambayo lazima yapungue kutoka kipenyo cha 24 hata 14. Hapa ndipo hesabu za shuleni zinapookoa siagi. Umbo hili ni pia iliyokatwa ncha. Nusu kipenyo ni 12 na 7: chukua mraba wa 12, ongeza 12 mara 7, ongeza mraba wa 7, utapata 277, zidisha kwa kimo 10 na kwa pai, ugawe kwa 3. Jibu ni kama sentimeta za ujazo 2,900. Ukioka matabaka yote mawili kwa bati la 24 una 4,524, na zaidi ya theluthi itakatwa. Ukioka moja kwa bati la 24 na jingine la 20, una 3,833 tu.

Siri ya kuchonga ni kuigeuza sehemu hii juu chini. Liweke tabaka la 24 chini na la 20 juu yake, likishikwa na krimu kidogo, kisha juu kabisa weka duara la karatasi la sentimeta 14. Tumia kisu kirefu cha mkate chenye meno, nawe ukate kama mwenye msumeno, bila kukandamiza. Usianze kwa kuzunguka! Kata kwanza pande 8 zilizonyooka, kisha uondoe pembe zake upate 16, kisha 32. Archimedes alipoitafuta pai alifanya vivyo hivyo, akaanza na pande 6 akafika 96. Palipoungana matabaka acha nusu sentimeta. Hiyo ndiyo itakuwa mpindo wa tumbo. Wako wanaojaza mpindo kwa krimu. Mimi naona ni uvivu, kwa maana krimu huyeyuka mchana na tumbo huteremka.

Mabaki yachanganye na krimu, uyafinyange yawe vigingi.

Kisha igeuze sehemu ya chini isimame kwa mguu wake juu ya ubao mkubwa. Choma ndani yake vijiti 6 vya mwanzi, vilivyokatwa sawasawa na kimo chake, vyote karibu na katikati ili vifike mguuni. Juu yake weka ubao mwembamba wa kipenyo cha sentimeta 22, na juu ya ubao yale matabaka 3. Sasa mzigo unabebwa na vijiti, si na keki. Njiani sehemu hizi mbili husafiri mbalimbali, huziunganisha ukumbini.

Wakati wa kugawa, anza na icahi, ushuke. Ukifika kwenye ubao uondoe, kisha vuta vijiti vyote na uvihesabu mpaka vitimie 6, ndipo uwape watoto sehemu ya mguu.