Nyuma ya Nembo ya Ubuntu

Ukiwasha kompyuta yenye Ubuntu unaona nembo na kiduara kinachozunguka. Nyuma yake kuna maandishi kibao yanapita: kaneli, yaani kiini cha mfumo, inatambua diski, huduma zinaamka moja moja. Programu inayoyafunika inaitwa Plymouth. Ilianza na Fedora 10 mwaka 2008, Ubuntu ikaichukua toleo la 10.04.

Kuyaficha si kazi kubwa. Fungua faili /etc/default/grub kwa sudo, tafuta mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, hakikisha ndani ya alama za nukuu kuna maneno quiet splash. La kwanza linainyamazisha kaneli, la pili linaita picha. Andika sudo update-grub, washa upya, basi.

Sasa, sisi tunaosomea ualimu tutakabidhiwa maabara za kompyuta, tutake tusitake. Mtoto wa kidato cha kwanza akiona mistari myeupe kwenye skrini nyeusi atadhani mashine imekufa, na wengine hukimbilia swichi ya ukutani. Kwa huyo picha ni msaada. Lakini diski ikianza kuchoka, kiduara kitazunguka tu, na mwalimu ataita fundi kwa tatizo ambalo mashine yenyewe ilishalitaja. Kwa hiyo ficha, ila ujue kubonyeza Esc: picha inaondoka, maandishi yanatokea. Ikishawaka, journalctl -b inakuonyesha kumbukumbu za uwashaji huo. Mashine ya mwalimu ningeiacha wazi kabisa: futa yale maneno mawili, kisha update-grub tena.