Kabla ya Kupiga Picha, Utazame Mwanga



Kila baada ya Iddi makundi yetu ya WhatsApp hujaa picha. Kanzu zinang'aa, hema linaonekana, hata sinia la pilau linaonekana, lakini nyuso za wenyewe zimezama gizani. Wengi hulaumu simu. Mara nyingi simu haina kosa: mpigaji hakuutazama mwanga.

Elimu hii ina mwalimu wetu mkubwa, al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kufanya kazi zake kubwa Misri. Wafuasi wa Euclid na Ptolemy walishika kwamba jicho ndilo linalotoa miali ikakigusa kitu. Yeye, katika Kitab al-Manazir, alionyesha kwamba mwanga hutoka kwenye kitu ukaingia jichoni. Hakuridhika na hoja tupu. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza, na ukutani kila taa ikapata doa lake la mwanga. Taa moja ikizibwa, doa lake peke yake linapotea. Kwa hiyo mwanga huenda kwa mstari ulionyooka, na miali hupishana tunduni bila kuchanganyika. Kamera yako ni chumba hicho, na lenzi iko mahali pa tundu. (Wako wanaosema neno kamera limetokana na Kiarabu qamara. Si kweli, ni neno la Kilatini lenye maana ya chumba. Ibn al-Haytham hahitaji sifa za kubuni.)

Ukishajua kwamba mwanga unanyooka, swali la kwanza ni: unatoka upande gani? Hapa Kampala tuko karibu kabisa na ikweta, na jua la Adhuhuri hutupiga utosini. Macho yanakuwa mashimo, na ukingo wa kofia unatia kivuli hadi puani. Wahamishie watu chini ya mwembe au ukingoni mwa baraza, wakitazama nje. Hapo mwanga unatoka kwenye uwazi mpana wa anga, si kwenye jua moja dogo. Chanzo kikiwa kipana, kivuli huwa laini.

Sasa tuje kwenye kanzu, kwani hapa ndipo tunapoharibikiwa zaidi. Kamera haijui kilichoko mbele yake. Inapima mwanga wote, kisha inajaribu kuuleta kwenye kiwango cha kati. Ikiona safu ya kanzu nyeupe, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na nyuso zenu zinazama. Kwa dada zetu waliovaa buibui nyeusi mambo hugeuka: kamera inaongeza mwanga, buibui inakuwa ya kijivu na uso unapauka. Dawa yake ni moja. Gusa uso kwenye kioo cha simu, shikilia kidogo hadi kipimo kifungwe, kisha sogeza alama ya jua juu au chini. Usiongeze mpaka nyuzi za kanzu zipotee, kwa sababu sehemu iliyoungua kwa weupe hairudi. Kivulini kazi hii ni rahisi zaidi, maana tofauti kati ya nguo na uso hupungua.

Ndani ya msikiti zima flashi. Inawasumbua wanaoswali, na tena haifiki mbali: kwa taa ndogo, umbali ukiongezeka mara 2 mwanga unabaki robo. Kutoka safu ya mwisho huwezi kumulika mimbari. Afadhali usogee karibu na dirisha. Na kama taa za ndani ni za manjano na nje kuna mchana, uso utatoka nusu manjano nusu buluu, basi zima taa ubaki na dirisha.

Zoezi la leo, baada ya Alasiri. Muombe rafiki aliyevaa kanzu, kwa ridhaa yake, umpige picha 4: juani akilitazama jua, juani akilipa mgongo, kivulini, na dirishani ukiwa umegusa uso wake kwenye kioo. Ziweke pamoja, kisha tazama macho yake tu.