SOMO LA KAZI: HERUFI ZA MISTARI KWA KOMPYUTA



Mwaka jana vijana wa kigango chetu walitengeneza bango la sikukuu ya msimamizi wetu. Jina waliliandika kwa herufi nene, na ndani yake wakapitisha mistari ya kupendeza. Kumbe kompyuta ya duka la kuchapisha haikuwa na fonti ile. Ikaweka nyingine, mistari ikabaki nje ya herufi, na tulipogundua kitambaa kilikuwa kimeshachapwa. Pesa za kikundi zikaenda hivyo. Kosa lilikuwa letu sisi tuliowafundisha, kwa sababu tulianza na urembo tukaacha msingi. Leo tunarudia somo.

KIFAA CHETU

Tunatumia Inkscape, programu ya kuchora isiyolipiwa, iliyoanza mwaka 2003. Picha ya kamera imejengwa kwa vidoa, na ukiikuza sana inafifia. Mchoro wa Inkscape umejengwa kwa mistari iliyopimwa. Herufi ya kadi ya harusi yaweza kukuzwa ikatosha bango, na ukingo wake ubaki safi.

HATUA

1. Bonyeza F8, bofya kwenye karatasi, andika neno, tuseme KARIBU. Chagua fonti nene. Nyembamba haina nafasi ya mistari.

2. Soma neno herufi kwa herufi, mwenzako naye asome. Hifadhi faili, halafu lihifadhi tena kwa jina jingine. Fanya kazi kwenye hilo la pili.

3. Bonyeza F1, kisha Ctrl, Shift na C kwa pamoja. Sasa maandishi yamekuwa mchoro, na duka lolote litayaona kama ulivyoyaona wewe. Lakini huwezi tena kusahihisha tahajia. Ndiyo maana tumeweka faili la kwanza.

4. Bonyeza Ctrl, Shift na G ili herufi ziachane, halafu Ctrl na alama ya kujumlisha ili ziwe kitu kimoja.

5. Bonyeza Ctrl, Shift na F. Ondoa rangi ya ndani, weka mstari wa ukingo wa milimita 1 hivi.

6. Bonyeza Ctrl na D. Umepata nakala, ila hutaiona kwa kuwa imelala juu ya ile ya kwanza. Shika Ctrl, bonyeza alama ya mabano ya kufungua mara kadhaa. Nakala itaingia ndani polepole, na mstari wa pili utaonekana. Rudia ukitaka wa tatu.

Usijaze mistari mingi mno. Chapa kwenye karatasi ya kawaida, ibandike ukutani, rudi nyuma hatua kumi. Mistari ikishikana, punguza. Bango ni la kusomwa na mtu anayepita.

Vijana wetu, mteja akileta kazi amewaamini na pesa yake. Haraka haraka haina baraka. Hatua ya tatu ni dakika moja tu, na kwetu ilitugharimu bango zima.

YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Kwa nini tunabaki na faili mbili?
2. Kazi ikiharibika, nani alipe, na tukubaliane lini juu ya hilo?
3. Katika jumuiya yetu, nani anahitaji bango au kadi?