SOMO: KAMBA YA HEKIMA NA AKILI BANDIA



Siku hizi vijana wetu wa Shabunda na Bukavu husikia habari za akili bandia, yaani programu za kompyuta na simu zinazojibu maswali, kutafsiri lugha na kutambua picha. Wengine husema: “Basi desturi za wazee hazitapotea tena, mashine itazitunza.” Neno hilo tulipime.

1. Kamba iliyokuwa kitabu

Wazee wa Kilega walikuwa na kamba iitwayo mutanga. Juu yake walifunga vitu vidogo-vidogo: kombe la konokono, unyoya, kipande cha mti. Kila kitu kilikuwa na methali yake, na kwa methali hizo watu walifundishwa na kuonywa. Padri Georges Defour alizieleza katika kitabu kilichochapishwa Bukavu mwaka 1979.

2. Kitu bila kinywa

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku chama cha Bwami, na sanamu nyingi za Walega zilifika Ulaya. Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti kwa Walega katika miaka ya 1950, alieleza kwamba sanamu moja yaweza kuwa na maana nyingi, kadiri ya methali na wimbo unaoandamana nayo.

Mwezi wa pili 2022, Ubelgiji iliikabidhi serikali yetu orodha ya vitu kama 84,000 vya Kongo vilivyo katika makumbusho ya Tervuren. Kupanga picha za vitu vingi hivyo, mashine itasaidia sana. Lakini ukiionyesha kombe, itaona kombe tu. Methali imo kinywani mwa mzee. Hata mawe ya Yordani (Yoshua 4) yalihitaji baba wa kumjibu mtoto aulizaye maana yake.

3. Mashine hula inacholishwa

Akili bandia hujifunza kwa maandishi na sauti nyingi. Mwaka 2022 kampuni ya Meta ilitoa programu ya kutafsiri lugha 200. Kiswahili, Lingala na Tshiluba zilikuwamo, Kilega hakikuwamo. Na mashine isipojua, mara nyingi haikiri. Yaweza kutunga methali ambayo hakuna babu aliyeisema, na mtoto akaipokea kama urithi wake. Hapo tutakuwa tumepoteza mara mbili.

4. Basi tufanye nini?

a) Tuanze na wazee. Tunase sauti zao kwa simu, kwa Kilega chenyewe, tukiandika kijiji na mwaka. Tafsiri ifuate.

b) Tuombe ruhusa. Mambo mengine ya Bwami hayasemwi mbele ya asiyeingizwa. Mzee akikataa, tunyamaze.

c) Nakala zibaki Shabunda, zisiende zote ugenini kama sanamu zilivyokwenda.

d) Mashine iwe karani: iandike, ipange, itafute. Mzee awe mwalimu, naye asahihishe.

Umeme ukikatika leo, kesho utarudi. Mzee akifariki kabla hatujamwuliza, hakuna mashine itakayomjibia.

Maswali ya kujadili

1. Katika kijiji chenu, ni nani bado anajua methali za kamba?
2. Ni mambo gani yafaa kushirikiwa na wote, na yapi yabaki kwa wenyewe?
3. Juma hili, nani atakwenda kumwuliza mzee?